Kwa nini "Ukerewe" husomeka kabla ya "Mwanza": kumpima mtoto anayeanza kusoma

Mtoto wa Darasa la Kwanza anaweza kusoma neno Ukerewe bila kukwama, halafu akifika kwenye Mwanza anasimama kabisa. Mzazi anashangaa: neno refu amelimudu, fupi limemshinda? Ukiyakata maneno hayo silabi kwa silabi, mshangao unaisha. U-ke-re-we ni silabi nne, na hakuna hata moja yenye zaidi ya konsonanti moja na irabu yake. Mwa-nza ni silabi mbili tu, ila kila moja imebeba konsonanti mbili kabla ya irabu. Kwa mtoto anayeanza kusoma Kiswahili, urefu wa neno si kitu. Ugumu uko ndani ya silabi.

Pitia majina ya wilaya na halmashauri za mkoa huu wa Mwanza uone. Magu na Ilemela ni mteremko. Sengerema inaanza vizuri, inaweka kigingi kwenye nge, kisha inaendelea. Buchosa ina cho na Nyamagana ina nya: herufi mbili zinazotoa sauti moja, jambo ambalo mtoto hawezi kulibahatisha, lazima afundishwe. Kwimba ina vigingi viwili mfululizo, kwi na mba. Misungwi ndiyo kiboko yao, kwa sababu ile ngwi ya mwisho ina konsonanti tatu zimejipanga mbele ya irabu moja. Sasa chukua walimu wawili wa shule jirani. Mmoja amewapa watoto maneno kumi, mengi ya aina ya Magu. Mwenzake amewapa kumi, mengi ya aina ya Misungwi. Wote wawili wanaandika kwenye ripoti "6 kati ya 10". Sita ya huku na sita ya kule si ndugu.

Ndiyo maana swali ambalo wazazi huliuliza kwenye kikao cha shule, "mwalimu, mwanangu anajua kusoma?", halijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana, na alama moja kwenye ripoti hailijibu pia.

Kuzidisha, si kujumlisha

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili kwa namna ambayo hadi leo bado inatumika sana. Kuelewa unachosoma, walisema, ni zao la vitu viwili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe unapoisikia. Walichagua kuzidisha makusudi. Ukijumlisha, mtoto mwenye kimoja anapata nusu. Ukizidisha, mwenye sifuri upande mmoja anabaki na sifuri hata awe hodari vipi upande wa pili.

Tuwachukue mapacha wa kufikirika, Kulwa na Doto. Kulwa amelelewa na bibi yake Kwimba, nyumbani ni Kisukuma kuanzia asubuhi hadi usiku, Kiswahili alikikuta shuleni. Doto amebaki na mama yake Mabatini, mjini Mwanza, Kiswahili ndicho anachokitumia kugombana, kuomba na kudanganya. Wako Darasa la Pili. Wanapewa mtihani wa ufahamu na wote wanapata alama mbovu zinazofanana.

Kulwa anasoma vizuri sana kwa sauti. Mpe gazeti atakusomea tahariri nzima. Muulize imesema nini, anakutazama. Kiswahili kinaandikwa karibu kabisa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyezishika silabi anaweza kutamka chochote bila kuelewa chochote, na wageni wakikagua madarasa wanaondoka wakimsifu. Doto naye ukimsimulia hadithi ataijibu yote na kuongeza yake, ila maandishi hayasemi naye. Kurasa anazozisoma kwa mbwembwe amezikariri kwa kuwasikia wenzake. Kidole kiko kwenye "shamba", mdomo umeshafika "jembe".

Mwalimu akiwapa wote wawili "mazoezi zaidi ya kusoma" atakuwa amempotezea kila mmoja muda wake. Kulwa anahitaji maneno, hadithi, maongezi, kusomewa. Doto anahitaji sauti na herufi, kuanzia pale alipoachwa. Kuwatofautisha hakuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Wasimulie hadithi fupi kwa mdomo, vitabu vikiwa vimefungwa, kisha waulize maswali. Atakayejibu vizuri hapo na kushindwa kwenye karatasi, tatizo lake ni maandishi. Atakayeshindwa hata kwa masikio, tatizo lake limeanza mbali zaidi ya ubao. Ukimruhusu ajibu kwa Kisukuma na akajibu, umejua pia kwamba akili yake haina kasoro yoyote, kilichopungua ni msamiati wa Kiswahili.

Masikio kwanza

Kuna sehemu ya upimaji inayofanyika bila karatasi hata moja. Je, mtoto anasikia kwamba sato, samaki na sangara huanza na sauti moja? Mwambie: "Samaki, ukiondoa sa, kinabaki nini?" Akisema "maki", ameshajua kwamba neno ni kitu kinachokatika. Watoto waliocheza kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi maji yakawa jima, huingia darasani wakiwa na utajiri huo mkononi bila mtu kuwafundisha.

Silabi huwaingia watoto wetu mapema. Kinachochelewa ni kuigawanya silabi yenyewe, kusikia kwamba sa ina /s/ na ina /a/. Na hicho ndicho kitakachomwokoa siku atakapokutana na silabi ambayo hawakuwahi kuiimba darasani. Kwa maana kuimba tunaimba sana. Ba be bi bo bu, darasa zima kwa pamoja, hadi mabati yanatetemeka. Ukimwita mtoto mmoja mbele ukamwonyesha bo peke yake, utaona midomo yake inacheza kimyakimya: ba, be, bi... ndipo anafika. Huyo hajaijua bo. Amejua wimbo ambao bo imo ndani yake. Ndiyo sababu jedwali la kupimia silabi lazima liwe limevurugwa: ku, ti, nya, o, mba, se, kwa, cha, bila mpangilio ambao mtoto anaweza kuupanda kama ngazi.

Majina ya herufi nayo yana mtego wake. Mzazi anajivunia kwamba mwanawe wa chekechea "anajua herufi zote": be, che, de, efu. Mpe neno baba. Atasoma "be-a-be-a". Jina la herufi na sauti ya herufi ni vitu viwili, na kinachosomesha ni sauti. Unapompima usimuulize "hii inaitwaje?" Muulize "hii inasemaje?"

Fibo

Mtafiti wa Marekani, Linnea Ehri, ameeleza hatua ambazo mtoto hupitia katika kuyajua maneno, na ya mwanzo kabisa ni ya mtoto anayelitambua andishi kama anavyoitambua sura ya mtu. Haoni herufi, anaona umbo, rangi na mahali lilipo. Mtoto wa Igoma atakusomea "Igoma" kwenye kioo cha daladala. Andika neno hilohilo kwa chaki ubaoni, kwa herufi ndogo, hana habari nalo. Basi majina ya mahali, ambayo nimeyatumia hapo juu kufafanulia, ni kipimo kibaya kwa mtoto wa hapa: anayajua tayari kwa masikio na kwa macho, ukimwonyesha Ma atamalizia mwenyewe.

Dawa ya kubahatisha ni maneno ya kubuni. Depu. Nyafe. Kwizo. Fibo. Hayana maana, hajawahi kuyaona, hakuna picha ya kumsaidia. Njia pekee ya kuyasoma ni kuzisoma sauti zake. Na jinsi mtoto anavyokosea ndipo kuna habari yenyewe. Akisoma fibo kama "fimbo", ameona mwanzo na mwisho akajaza katikati kwa kukisia. Akisoma "fi... fi..." akanyamaza, hawezi kuunganisha. Akisoma "fi-bo" polepole lakini sawasawa, fundi huyo, mwache, kasi itakuja. Watoto watatu wamekosa au kusitasita kwenye neno moja, na kila mmoja kesho anahitaji somo lake.

Kule Uingereza, upande wa England, wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu 2012 kila mtoto wa Mwaka wa 1 katika shule za umma hupimwa kwa maneno 40, 20 ya kweli na 20 ya kubuni. Neno la kubuni huwekewa picha ya kiumbe cha ajabu pembeni ili mtoto ajue kwamba hilo ni jina la zimwi na asihangaike kulitafutia maana. Alama iliyozoeleka ya kuvuka ni 32. Kipimo hicho kina wapinzani wake. Wanasema watoto wanaosoma vizuri hujikwaa kwa kuyasahihisha maneno ya kubuni yawe ya kweli, na kwamba walimu, wakijua kitakachopimwa, huanza kufundisha maneno yasiyo na maana badala ya kusoma. Lawama ya pili naiona ina uzito kuliko ya kwanza. Neno la kubuni lina kazi moja, kupimia. Siku utakapoliona kwenye kazi za nyumbani ujue mambo yameharibika.

Halafu kuna jambo la kwetu ambalo England hawana. Kabla ya kulitumia neno ulilolibuni, lisome mbele ya watu wanaojua Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kizinza. Unaweza kudhani umebuni kumbe umetukana.

Daftari la imla

Nikiambiwa nichague kipimo kimoja tu kwa mwalimu wa darasa kubwa, nachagua imla. Haina sifa, imechoka, watoto hawaipendi. Lakini inapima darasa zima kwa robo saa na inaacha ushahidi ulioandikwa. Shida ni namna tunavyoisahihisha.

Mwalimu ametaja maneno kumi: meza, samaki, nyumba, chakula, mtu, ng'ombe, rafiki, fimbo, kuku, dhahabu. Mtoto ameandika: meza, samaki, nyuba, cakula, mutu, ngobe, lafiki, fibo, kuku, zahabu. Kalamu nyekundu inapita: 3 kati ya 10. "Ongeza bidii."

Sasa isome upya kwa jicho la sauti. Nyuba, ngobe na fibo ni kosa moja lililojirudia mara tatu: m inayotangulia b imedondoka. Mtoto huyu hajakosa maneno matatu. Amekosa kitu kimoja, kwamba ile sauti ya puani inayosikika kidogo tu kabla ya b inastahili herufi yake. Siku mbili za mba, mbe, mbi, mbo, mbu pamoja na kulinganisha kuba na kumba, na nyumba pamoja na fimbo zinanyooka. Angalia pia kwamba ny ameiandika sawasawa. Huyu si wa kurudishwa mwanzo.

Cakula ni nusu ya jibu. Anajua sauti inaanza na c, hajaambiwa kwamba katika Kiswahili c haitembei peke yake. Mutu ni masikio yanayosema kweli kupita kiasi: m ya mtu ni silabi kamili bila irabu, na mtoto ambaye Kisukuma chake kina munhu anamtafutia m huyo irabu yake. Kwenye ngobe kuna upungufu wa pili, kile kibano cha ng'. Hapa watoto wa Usukumani wananifurahisha, maana sauti ya ng' kwao ni ya nyumbani, wengine wanayo hadi kwenye majina ya ukoo, na matamshi yake hayawasumbui kamwe. Kinachowasumbua ni kamkato kadogo kale kwenye karatasi ambako macho hayakaoni, na ambako ndiko pekee kanakotenganisha ng'ombe na ngoma.

Yamebaki lafiki na zahabu. Haya si makosa ya sauti na herufi hata kidogo. Mtoto ameandika kwa uaminifu kabisa anavyotamka yeye na wanavyotamka watu wa kwao. Somo lake lipo, lakini ni somo jingine, la tahajia na matamshi sanifu, na si la haraka kwa mtoto wa miaka saba.

Ukiisahihisha hivi, daftari la "3 kati ya 10" linakuwa la mtoto ambaye anazisikia sauti karibu zote na amekwama mahali panapojulikana. Mwenzake anaweza kuwa na 3 ileile kwa kuandika "mza", "smk", "kk", konsonanti bila irabu. Huyo ndiye wa kuanza naye kesho asubuhi.

R na l

Hili linawagombanisha wapimaji kila mara kwa hiyo tulimalize. Mtoto anapewa neno rafiki kwenye karatasi, anatamka "lafiki". Amekosa? Msikilize akiwa anacheza. Kama hata huko husema "lafiki yangu", basi kwenye karatasi amesoma sawasawa: ameona r, ameitoa kwa ulimi alionao. Mpe alama yake. Kama akiwa anacheza husema "rafiki" na kwenye karatasi akasema "lafiki", hapo kuna la kuangalia, huenda anazichanganya herufi zenyewe. Kipimo kizuri cha kusoma hakimwadhibu mtoto kwa lafudhi ya nyumbani kwao, na mpimaji aliyetoka mkoa mwingine anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajashika karatasi. Huyo huyo mpimaji, kama ni Mkurya, ana visa vyake na l.

Dakika moja

Kupima kasi ni rahisi, simu yoyote ina saa ya kuhesabia. Mtoto anasoma kifungu kwa sekunde 60, wewe unapiga mkwaju kila neno analolikosa. Amefika neno la 34 na kukosa 6: maneno 28 sahihi kwa dakika. Akimaliza kabla ya muda unakokotoa. Maneno 36 sahihi ndani ya sekunde 45 ni sawa na 48 kwa dakika. Akijisahihisha mwenyewe, ni sahihi. Akiganda sekunde tatu, mwonyeshe neno linalofuata aendelee. Akikosa mstari wote wa kwanza, mshukuru, funga. Kumlazimisha aendelee hakutakuongezea habari yoyote, na yeye kutamwongezea aibu.

Taratibu hizi zimetoka kwenye EGRA, kipimo kilichoanza kutengenezwa 2006 na taasisi ya RTI ya Marekani kwa fedha za USAID na Benki ya Dunia, kisha kikatafsiriwa na kurekebishwa kwa lugha nyingi. Tanzania ilikitumia kitaifa kwa Darasa la Pili mwaka 2013, na kiwango kilichopendekezwa kwa Kiswahili baada ya hapo kilikuwa maneno 50 kwa dakika huku mtoto akijibu sawasawa asilimia 80 ya maswali ya ufahamu. Sehemu ya pili ya kiwango hicho ndiyo watu huisahau. Nimeshawasikia watoto wakikimbia kifungu kama wanafukuzwa kwa sababu mtu mzima amewaambia wanapimwa mbio.

Na usiazime kiwango cha Kiingereza. "Alinipikia samaki" ni maneno mawili yenye silabi tisa. Mwingereza angetumia maneno manne mafupi. Anayesoma maneno 50 ya Kiswahili kwa dakika amefanya kazi kubwa kuliko namba inavyoonyesha.

Dagaa wabichi

Kifungu cha ufahamu kwa watoto wa huku kinaweza kuwa kifupi hivi:

Jumamosi Neema alikwenda mwaloni na bibi yake. Walinunua debe moja la dagaa wabichi. Njiani mawingu meusi yakatanda. Bibi akasema, "Leo hatuwezi kuanika." Walipofika nyumbani waliwasha moto.

Neema alikwenda na nani? Walinunua nini? Hayo mawili yanachukuliwa moja kwa moja kwenye maandishi. Kwa nini bibi alisema hawawezi kuanika? Hapo mtoto lazima aunganishe sentensi mbili. Waliwasha moto wa nini? Hilo halikuandikwa popote, lazima alitoe kichwani mwake: dagaa wabichi wasipoanikwa wataoza, basi watakaangwa au watabanikwa. Mtoto wa Kirumba atalijibu akiwa anacheka. Mtoto aliyekulia mbali na ziwa anaweza kulikosa na bado akawa msomaji mzuri kumzidi huyo wa Kirumba, maana hajui dagaa hukaushwaje. Ndivyo hivyo pia mtoto wetu anavyokosa maswali ya kifungu kinachohusu treni za chini ya ardhi.

Liko swali moja la kuepuka, na limejaa kwenye mitihani: "Samaki wanaishi wapi?" Anayejibu hilo hakuhitaji kusoma chochote.

Watoto wa English medium

Mwanza imejaa shule hizi sasa, kuanzia Nyegezi hadi Kisesa, na wazazi wake wana hofu ya aina yake: mtoto yuko Darasa la Kwanza na bado anasuasua, wakati binamu yake wa shule ya serikali anasoma Kiswahili kwa sauti kila ukutani. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Katika lugha nyingi ambazo tahajia yake inafuata matamshi, watoto walikuwa wameushika msingi kabla ya mwaka wa kwanza wa shule kwisha. Wa Kiingereza walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Hao ni watoto ambao Kiingereza ni lugha ya mama yao. Wa kwetu anakisoma huku akijifunza kukisema.

Kuna na mgongano wa irabu. Herufi e kwa Kiingereza huitwa kwa sauti ambayo Kiswahili huiandika i, na i yao huitwa "ai". Mtoto anayeandika "miza" badala ya meza pengine hana tatizo la kusikia, anatumia ufunguo wa darasa moja kwenye kufuli la darasa jingine. Mpime kwa kila lugha peke yake, na ukianza na Kiswahili utapata picha safi zaidi ya uwezo wake wa kuunganisha sauti.

Watoto mia na ishirini

Yote haya ni mazuri mpaka ukumbuke darasa lenyewe. Tangu michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, madarasa ya kwanza ya shule nyingi za mjini yalifurika. Kipimo kamili cha dakika 15 kwa mtoto mmoja, kwa watoto 120, ni saa 30. Hakuna mwalimu mwenye saa 30. Lakini dakika tatu kwa mtoto ni saa sita, na saa sita zikigawanywa kwa siku kumi za shule ni dakika 36 kwa siku, watoto kumi na wawili, wakati wengine wanachora au kunakili. Dakika tatu zinatosha kwa mistari miwili ya silabi zilizovurugwa, maneno matano ya kubuni na sentensi mbili. Imla ikitangulia, unajua hata nani wa kuanza naye.

Kaeni pembeni, bega kwa bega, si mbele ya wenzake na si na fimbo mezani. Mtoto mwenye hofu hunyamaza, na ukimya kwenye fomu huandikwa sifuri. Na kabla ya kuandika sifuri mrudishe nyuma hatua chache umuulize kama anaona ubaoni. Wapo waliohesabiwa wazito miaka miwili kumbe ni macho.

Vipimo vikubwa vina kazi zake na tusivilaumu kwa kazi ambayo si yao. Upimaji wa Darasa la Pili wa NECTA, Baraza la Mitihani, unaiambia nchi na shule zimesimama wapi tangu mtaala wa 2015 ulipoweka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mbele ya yote. Uwezo, upimaji wa watoto ulioanza hapa kwa kuiga kazi ya shirika la Pratham la India, ulikwenda nyumba kwa nyumba ili kuwahesabu hata watoto wasiokuwa shuleni siku ya mtihani. Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kumwambia mwalimu wa Buhongwa kwamba mtoto wa dawati la tatu anadondosha m kabla ya b.

Mzazi nyumbani ana nafasi yake. Usimpime kwa kitabu cha shule, amekikariri. Chukua kanga ambayo hajaizoea, msomeshe jina la kanga hiyo, ule msemo ulioandikwa. Angalia tu kwamba kanga huandikwa kwa herufi kubwa, na mtoto wa Darasa la Kwanza huenda bado anazijua ndogo. Akikwama, mwandikie maneno yaleyale kwa herufi ndogo kwenye karatasi kabla hujaanza kulalamika.

Rudia upimaji kila baada ya miezi mitatu hivi, na kila ukirudia buni maneno mapya. Mtoto wa kwanza akitoka kupimwa, wa pili ameshaambiwa kilichomo, na kufikia mapumziko fibo inakuwa jina la utani la mtu.